Nduli ya Iringa

Basi letu kutoka Mbeya lilikuwa linakaribia Ipogolo, na kijana wa kiti cha mbele yangu bado anaangalia video za Idd Amin kwenye simu, sauti juu kama yuko sebuleni kwao.

"Huyu mzee alikuwa mwamba," akamwambia mama aliyekaa naye. "Jeshi zima lilikuwa linamwogopa."

"Aliua watu wake mwenyewe," mama akasema, "akaona hawatoshi, akavuka mpaka kuja Kagera kutuua na sisi. Kaka yangu Filemoni alikwenda kumtoa, hakurudi. Yeye akaja kufa kitandani, Uarabuni. Huyo si mzee, mwanangu. Huyo ni nduli."

Kijana akacheka. "Mama, Nduli si kwetu? Pale uwanja wa ndege. Mimi nimezaliwa Nduli."

"Sisi shuleni tulisema nduli Idd Amin kila siku, mpaka tukadhani ndilo jina lake la kwanza."

Hata mimi nilidhani hivyo.

"Ila kijiji hakina kosa, mama."

"Najua hakina. Binti yangu kaolewa hukohuko, ndiko ninakokwenda."

Basi likasimama. Kijana akatangulia kushuka, akaingia kwenye bajaji ya kwanza. Dereva wa bajaji hiyo akamdaka mama mlangoni mwa basi: "Mama, Nduli?"

"Uwanja wa ndege."

"Si ndiko hukohuko?"

"Kwako wewe," mama akasema, akapakata kikapu chake, akakaa ubavuni mwa yule kijana.