Nililia Ndani ya Duara, Wakanipigia Makofi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nianze kwa kuungama upumbavu wangu: mimi mwenyewe ndiye niliyewaamuru watu wangu wasiniokoe.

Miaka saba niliongoza picha za kareti hapa Katoro. Kareti yenyewe siijui. Niliisomea kwenye kibanda cha video, nimekaa. Kazi yangu ilikuwa kiti, kivuli na kufoka. Stelingi wangu, yaani mchezaji mkuu, Masanja, ndiye aliyeruka na kudondoka. Akilia kwa maumivu, kamera inasimama, nami namtukana kwamba ananiharibia kazi.

Masanja akachoka, akaenda kuchimba dhahabu Kharumwa. Nikasema, kuigiza nako ni kazi? Nikavaa nguo zake, zikanibana tumbo, nikawa stelingi. Nikatoa picha mbili. Watu wakacheka pale nilipotaka walie.

Ya tatu tuliipigia kwenye duara, shimo la wachimbaji lililoachwa nyuma ya mtaa wetu. Nilitakiwa nishuke kwa kamba, nimsubiri adui chini. Nikawaonya wenzangu: hata nikilia vipi, hata nikimwita mama, msisimamishe kamera.

Ndugu zangu, ukuta ulimeguka. Kifusi kikanifika kifuani, mguu ukavunjika. Nikalia. Nikawaita mmoja mmoja kwa majina yao. Huko juu wakapiga makofi, na yule aliyeigiza adui naye akapiga.

Hapo ndipo nilipokielewa kilio cha Masanja. Udongo ulikuwa bado unateremka. Nikasali sala yangu ya kwanza isiyo ya kuonekana na watu: Bwana, hawa hawanisikii, nisikie wewe.

Jirani yangu, Mama Shija, alikuwa anapita na kuni kichwani. Akautupa mzigo, akawafokea, akawashusha shimoni wanifukue kwa mikono.

Mguu haukupona sawasawa. Sasa nashinda nyumbani, na hata kizingiti cha mlango nakiogopa. Ile video ninayo. Sijaweza kuitazama hadi mwisho. Nilimfuata Masanja kumwomba msamaha. Akanipa uji.

Lakini mimi ni mzima, na namshukuru Mungu. Ndugu yangu uliyefunikwa na kifusi chako huku watu wanakushangilia, mwite Yeye. Kilio cha kweli anakijua.

Juzi nilimuuliza Mama Shija alijuaje kwamba siigizi. Nilitegemea aniambie ni Roho aliyemsukuma. Akanitazama, akasema:

"Baba Kabula, picha zako zote mbili nimeziona. Wewe huwezi kuigiza vizuri vile."