Maua Yasiyo na Cheti

Ndugu waombolezaji, karatasi hii alipaswa kuisoma shemeji yangu, kaka wa marehemu, lakini nimemnyang'anya, kwa sababu mke alikuwa wangu, nami sijazoea kugawana.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1962, katika nyumba ya pili nyuma ya stesheni, mtoto wa nne wa karani na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1980, akajiunga na chuo cha kilimo, na tarehe 12 Novemba 1984 akatunukiwa stashahada ya afya ya mimea.

Mwaka 1985 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mazao yanayouzwa nje, kwenye ghala la baridi la uwanja wa ndege, ambako boksi la pilipili hoho au maparachichi halikupanda ndege mpaka alifungue, alikague kwa lenzi, na kuliandikia cheti kwamba halina wadudu wala magonjwa. Mwaka uliofuata alileta koti lake la kazi dukani kwangu, mimi fundi cherehani, nikamshonea mfuko wa lenzi upande wa moyo, tukafunga ndoa tarehe 20 Agosti 1987, tukajaliwa binti na mvulana, na mfuko ule niliuonea wivu tangu mwanzo, maana lenzi ililala mahali nilipopataka mimi.

Wivu wenyewe hasa ulianza mwaka 2004, nchi moja iliporudisha shehena yetu ya pilipili hoho kwa ajili ya funza mmoja, na mkaguzi wa huko, ambaye mimi nilimbatiza Bwana Funza, akaanza kuandikiana na mke wangu ili jambo hilo lisijirudie. Mezani mke wangu alikuwa akicheka na simu huku chakula kinapoa, siku moja nikachungulia nikitegemea kumfumania, nikakuta picha ya bawa la nzi wa matunda, nikaumia zaidi, kwani mwanamume ningeshindana naye, nzi nitamfanya nini?

Tarehe 9 Februari mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya figo, akafariki tarehe 28 Mei alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, si mwa mwingine yeyote.

Jana Bwana Funza alituma shada la maua kwa ndege, bila cheti cha afya ya mimea, mtu wa kazi hiyo hiyo jamani, na vijana waliofundishwa na marehemu wakakuta vidudu hai vinatembea humo, wakanipigia simu kwa haya kuniuliza kama wafumbe macho kwa heshima ya Mama, nami nikajibu kabla hawajamaliza kwamba yateketezwe, kama ambavyo yeye angeagiza, sheria ilikuwa yake, ila raha ilikuwa yangu.

Utepe peke yake wameupitisha, kwa kuwa kitambaa hakina mdudu, wameniletea asubuhi hii, na umeandikwa: Kwa Mke wa Fundi. Binti yetu ananiambia hivyo ndivyo mama yake alivyojiita chini ya kila ujumbe aliomwandikia yule bwana, miaka yote hiyo, nami nilimkodolea macho nzi, mstari wa mwisho sikuusoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa ghalani, na Bwana Funza pia, kwa shingo upande, kwa sababu bado simpendi. Utepe nimeushonea ndani ya mfuko wa lenzi, na koti anakwenda nalo.

Pumzika kwa amani, Mke wa Fundi.