Marehemu Eustakia Yohanes na Mgomba wa Kaburini

Mlioketi na mliosimama, huyu aliyelala mbele yenu aliwahi kuingia kaburini akiwa mzima, akatoka kwa miguu yake. Leo ndiyo mara ya pili, na safari hii hatoki. Basi sikilizeni.

Marehemu Eustakia alizaliwa Kabanga, wilaya ya Ngara, tarehe 19 Septemba 1956, mtoto wa nne wa marehemu mzee Yohanes na marehemu mama Nyamizi. Alibatizwa kabla hajamaliza mwezi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule alizaliwa amekunja ngumi zote mbili, na mkunga alipotaka kuzifungua alilia mpaka akaachwa nazo.

Alisoma shule ya msingi palepale Kabanga, 1965 hadi darasa la saba mwaka 1971. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na kiboko hakikumliza. Mvulana mmoja alipomnyang'anya kiazi, kiazi kilirudi, na mvulana akaenda kwao bila shati. Katekisimu aliijua yote kwa kichwa. Ila walipofika pale pa kugeuza shavu la pili, alimwambia katekista kuwa Bwana Yesu hakusoma Kabanga.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa takatifu na Bartholomayo, fundi baiskeli wa Nemba, Biharamulo, wakajaliwa watoto watatu, Nshoma akiwa wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kilimo: migomba, maharage, kahawa kidogo. Walipoingia wakimbizi mwaka 1994, watu wengi kuliko nyasi, Bartholomayo alianza kupeleka maharage kwa baiskeli hadi kambi za Ngara. Biashara ilikuwa nzuri. Njia ndiyo ilikuwa mbaya.

Tarehe 7 Machi 1995 walimkuta msituni, watu wenye mapanga. Walimkata kichwani, wakamkata begani, wakamvunja mguu kwa kisogo cha shoka, wakachukua baiskeli, maharage na viatu. Lori la chakula cha wakimbizi lilimwokota na kumshusha hospitali upande wa Ngara. Utingo alikuwa ameuona mfupa wa kichwa ukiwa wazi, akaenda akitangaza njia nzima kwamba yule mtu wa Nemba amekufa.

Siku hizo Eustakia alikuwa Kabanga kumwangalia mama yake. Alifika hospitali akamkuta mumewe sakafuni, katikati ya wakimbizi waliokatwa kama yeye, nzi wakinywa kwenye jeraha. Akawafukuza kwa kitenge, akapiga magoti palepale kwenye damu, akasali kwa sauti ambayo wagonjwa hawakuomba kuisikia. Bartholomayo alikuwa hai. Kusema hakuweza, na upande wote wa kulia ulikuwa umekufa.

Lakini Nemba habari ya utingo ilitangulia. Celestini, kaka mkubwa wa Bartholomayo, alikwishachimba kaburi nyuma ya nyumba, wanangoja maiti. Badala ya maiti ikaja salamu ya Eustakia kwamba mtu yu hai. Sasa katika ukoo ule kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, maana litadai mtu mwingine wa nyumba ile. Hukatwa shina la mgomba, likafungwa sanda, likazikwa kwa jina la mtu. Na aliyezikwa hivyo amezikwa. Mke hunyolewa nywele, na mtu mwenyewe hata akirudi anatembea, hakuna wa kula naye chungu kimoja. Celestini hakuwa mtu mbaya. Aliwaogopea watoto.

Eustakia alipoambiwa, alimwacha mgonjwa mikononi mwa dada yake Deodata, akadandia lori. Aliwakuta wanateremsha lile shina. Hakumwamkia mtu. Aliruka ndani ya shimo, akalitupa shina juu likawaangukia wazee miguuni. Celestini akainama, akamkamata nywele. Eustakia akamng'ata mkono mpaka meno yakakutana. Mwingine akampiga mpini wa jembe mgongoni, mara moja, halafu mara nyingine. Hakutoka.

"Mama Nshoma, toka humo," Celestini alimwambia, damu inamchuruzika kiganjani. "Shimo hili lina njaa. Litakula mtoto wako."

"Kama lina njaa nitalilisha mimi."

Alitoka mwenyewe, akaingia shambani kwake, akang'oa chipukizi la mgomba na mizizi yake. Alilipanda mle kaburini, akatia samadi, akafukia kwa mikono na kufanya ishara ya msalaba. Kisha akawaambia wazee kwamba shimo si tupu tena, na kilichomo kina uhai. Atakayeking'oa, Eustakia mwenyewe atamzika pembeni yake. Wazee walitazamana. Mila haikuvunjwa, na mtu hakuzikwa. Aliondoka bila kunywa maji.

Hospitali walikaa mwaka huo na sehemu kubwa ya uliofuata. Hapo ndipo alipokuwepo Nduwayo, Mrundi, mkimbizi, ambaye kwao kazi yake ilikuwa kuwanyoosha wagonjwa viungo; Eustakia akamwachia mumewe amnyooshe. Celestini alikuja kumwona mdogo wake, mkono umefungwa bendeji, akasema mbele ya wodi nzima kwamba Eustakia amemkabidhi ndugu yake kwa wakimbizi walewale waliomkata.

"Shemeji," Eustakia akamjibu, "aliyemkata hakuacha jina. Huyu anaitwa Nduwayo. Shika huo mguu."

Celestini akaushika.

Yalikuwa mateso. Walimfunga Bartholomayo kamba kiunoni wakamsimamisha, akaanguka kama gogo, wakamsimamisha tena. Eustakia alimzungushia rozari kwenye vidole vilivyokufa: Salamu Maria moja, kidole kimoja kukunjwa, naye akipiga yowe. Maneno yalipomrudia, yalirudi na matusi. Alimuuliza mkewe huyo Mungu wake alikuwa wapi siku ile, au ndiye aliyeshika panga.

"Utamuuliza mwenyewe mkikutana," alisema Eustakia. "Kunja."

Halafu alitoka nje, akapiga ukuta wa jiko la hospitali kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka, akimuuliza Mungu swali lilelile. Alipomaliza aliosha mikono, akarudi kukunja vidole.

Tarehe 22 Februari 1996, Bartholomayo alizidiwa na maumivu. Ule mkono wa kulia, uliolala tangu msituni, ukainuka wenyewe ukampiga mkewe mdomoni, jino likang'oka. Eustakia alitema jino kiganjani, akautazama mkono wa mumewe, usoni kunamchanua. Kisha yeye, Eustakia wa Kabanga, akageuza shavu la pili.

"Na hili," alisema. "Piga na hili."

Bartholomayo akalia kama mtoto. Lile pengo mlilokuwa mkiliona akicheka, ndilo hilo. Hakutaka kuliziba.

Walirudi Nemba tarehe 17 Novemba 1996, Bartholomayo kwa magongo aliyochongewa na Nduwayo. Mgomba wa kaburini ulikuwa umebeba mkungu. Eustakia akaukata, akapika, akaweka chungu uani. Watu walisimama mbali. Ndipo Celestini alipokunja shati, akapeleka chunguni mkono wenye alama za meno, akala na mdogo wake. Wengine wakafuata.

Tarehe 3 Mei 2007 marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia, akalazwa hospitali ileile. Bartholomayo hakubanduka. Alimzungushia rozari vidoleni, akavikunja kimoja kimoja, akimsihi: "Nipige, Mama Nshoma. Nipige tu." Huku nyumbani Celestini alikusanya majembe yote ya ukoo, akayafungia chumbani kwake, ufunguo shingoni.

Mkono haukuinuka. Lakini tarehe 28 Juni 2007, saa nne asubuhi, vidole vilijikunja vyenyewe, vikaishika rozari, vikabaki hivyo. Celestini hakukubali habari ya kifo mpaka alipoisikia kwa dada mtu, aliyemgusa akiwa ameshapoa. Ndipo akafungua mlango wa majembe.

Marehemu ameacha mume, Bartholomayo, watoto watatu, Nshoma, Priscila na Frednand, wajukuu watano, dada yake Deodata, anayewasomea haya, shemeji yake Celestini, na Nduwayo, aliyetoka kambini kuja kubeba msalaba. Tunamlaza kando ya mgomba wake.

Bwana, mpokee kwa amani. Ngumi ile usiifungue kwa nguvu, ataifungua mwenyewe.