Mama Katikati Anaziacha Sahani Zake

Miaka thelathini na mmoja kwenye kiti kilekile, na leo Ijumaa, tarehe thelathini, kiti kinabaki kitupu. Mkuu wa maabara yetu, ambaye hospitali nzima tunamwita Mama Katikati, anastaafu. Mimi wa meza ya jirani nimepewa kazi ya kumwandika.

Jina hilo alilipata dirishani. Kila aliyekuja kupima mkojo alielezwa: wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati. Alieleza bila haya, kwa sauti iliyofika mpaka foleni ya meno. Mkurugenzi aliwahi kuleta wake kwenye chupa ya juisi. Akarudishwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Ndiye aliyegawa rafu za kabati la joto, tunamooteshea bakteria wa mkojo kwenye visahani: wajawazito juu, kisha watoto, wenye kisukari, na chini kabisa wazee wenye mipira ya mkojo. Tulimtania kwamba anawapangia bakteria vyumba. Kumbe kila rafu ilikuwa na wakazi wake. Bakteria wa wajawazito, wengi walikuwa wa aina moja, wakifa kwa dawa ya kawaida. Wa wazee walikuwa mchanganyiko, tena sugu kwelikweli. Ndiyo maana siku hizi madaktari wetu hawaandikii kila mtu dawa ileile.

Ila sahani zile hazina Jumapili. Ulichootesha leo unakisoma kesho, na kesho unaotesha tena. Ndivyo alivyoahirisha kwenda kukaa na mama yake mzazi, mwaka baada ya mwaka. Anachukua likizo ya mwezi, wiki haijaisha tunamwona huyo, koti mwilini. Mwezi uliopita bibi huyo alipiga simu ya maabara, nikapokea mimi. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani hao wadudu wenu hawana mama?"

Nilipoufikisha ujumbe, Mama Katikati aliinamia darubini kwa muda mrefu. Chini ya lenzi hapakuwa na kitu.

Leo asubuhi ameotesha tena, mkono umezoea. Sasa amesimama mbele ya kabati, mkoba begani, na hatoki. Mama, tutakukosa mpaka basi. Asante kwa kutulea. Tunakuombea afya, na asubuhi ndefu zisizo na foleni.

Sahani za kesho tutazisoma sisi. Nenda, mama anakusubiri.