Kastori Anaomba Uidhinishe

Ukikaa kwenye benchi langu hapa Mushasha, mjini Gitega, ng'ambo ya ukuta wa misheni, usijisumbue kuuliza nani ni nani. Watakwambia wenyewe, tena kwa sauti. Mimi ni Martha, mwenye chupa ya kahawa. Kulia hukaa Nazario, aliyekulia Tanzania akawa katibu wa kila kamati iliyoundwa kwenye kambi ya wakimbizi, na aliporudi nyumbani hakuja na mabati, alikuja na taratibu, tunamwita Katiba. Kushoto ni Papa Mushagalusa wa Kivu, muuza vitenge, aliyevuka mipaka mpaka haamini kitu kisicho na muhuri; huyo tunamwita Duwane, yaani forodha. Alhamisi ile asubuhi, katikati yao alikaa Anisia na kompyuta mapajani, na kahawa yake ilikuwa inapoa. Binti huyu ndiye anayetunza programu ya ushirika wa wakulima, ile inayotuma ujumbe kwenye simu: siku yako ya kuchukua mbegu ni fulani, njoo ghalani. Kamati ilimtaka alete karatasi yenye sahihi yake kabla ya saa sita. Asipoileta, wanarudi kubandika matangazo ukutani na yeye anatafuta kazi nyingine.

Katiba: Hebu soma hiyo karatasi vizuri, mwanangu.

Anisia: "Nathibitisha kwamba nimepitia ruhusa zote za roboti ya programu, na kwamba kila sasisho lilisomwa na watu wawili kabla ya kuingia." Nisaini au nisisaini?

Duwane: Attends, ngoja. Hiyo roboti inafanyaga nini?

Anisia: Programu imeungwa kwa vipande vilivyotengenezwa na watu wengine huko duniani. Vinazeeka kama matairi. Kila Jumatatu roboti inatafuta vipya, inaomba tuidhinishe. Tukikubali wawili, Ignace wa Muyinga na mimi, inaviingiza yenyewe. Halafu inatuma ujumbe kwa wakulima.

Duwane: Na iko na ruhusa gani?

Anisia: Zote.

Duwane: Zote! Yesu wangu!

Anisia: Mzee Kastori, aliyekuwa mkuu wetu wa mradi, alipoianzisha alikuwa na haraka. Alisema tutazipunguza baadaye.

Hiyo "baadaye" naijua. Nina wateja wa mkopo wanaoishi humo na familia zao.

Duwane: Mi nakuambia, Anisia, mi nimelala na camion, lori ya mzigo, pale mpakani Gatumba. Camion yenye iko na papier, karatasi ya kila kitu, ndiyo wanaishushaga mzigo yote. Yenye iko na papier ya samaki, iko na samaki. Donc, roboti muipe laissez-passer, kibali cha njia, moja moja. Inataka kusoma, muhuri. Inataka kuandika, muhuri ingine.

Katiba: Muhuri atagonga nani? Unaruka utaratibu. Kwanza ipelekwe mbele ya bashingantahe, wazee wa baraza, wakae, waiulize: wewe ni wa ukoo gani?

Anisia: Haina ukoo, Mzee. Ni maandishi tu. Kurasa mbili.

Katiba: Kurasa mbili, na inaamrisha watu elfu tatu? Katiba ya ushirika ina kurasa arobaini na haijawahi kumwamrisha hata mbuzi!

Duwane: Na kwa nini inaombaga Jumatatu? Jumatatu mutu iko na kichwa nzito. Ile roboti inatujua. Inatuangaliaga kanisani Jumapili, inaona nani anasinzia.

Anisia: Papa Mushagalusa...

Duwane: Niache nimalize. Dawa ni kuweka roboti ya pili ichunge ya kwanza. Na ya tatu ichunge ya pili.

Katiba: Hapo sasa tunaelewana. Hiyo ni kamati. Mwenyekiti, katibu, wajumbe wawili na mwakilishi wa akina mama.

Mimi: Roboti mama?

Katiba: Utaratibu hauchagui, Martha. Ongeza kahawa.

Nilimwongezea ili mdomo upate kazi nyingine. Anisia alikuwa hacheki. Karatasi ilikuwa juu ya kompyuta, kalamu juu ya karatasi, na kidole chake kinasukuma kalamu huku na huku. Mwishowe akachukua simu, akampigia Ignace, akaiweka sauti ya wote kwa sababu kwenye benchi hili ukizungumza kwa siri unaambiwa una dharau.

Ignace: Anisia, dada yangu, bonjour! Hapa Muyinga mvua iko nzuri kabisa. Ila iko kitu ya ajabu. Leo ni siku yetu ya mbegu, na hakuna mutu. Mwenye depot amekaa peke yake na magunia, anasinzia.

Anisia: Labda ni hiyo mvua. Kaka Ignace, niambie neno moja nisaini karatasi ya kamati. Sasisho za Jumatatu unazisoma?

Ignace: Naidhinisha. Mbele ya saa mbili. Hata siku moja sijachelewa.

Anisia: Ndiyo, lakini unazisoma?

Ignace: Aaa, Anisia. Pale juu inaandikwaga nini? "Kastori anaomba uidhinishe." Kastori! Yule alinifundisha kazi. Ndiye alisimama mbele yangu siku ya kuposa. Mi nimuambie, Mzee, ngoja kwanza nikague? Hiyo iko adabu?

Anisia: Kaka, Mzee Kastori aliacha mradi mwezi wa pili. Ile ni roboti. Aliiwasha kwa jina lake, akaondoka akaliacha humo.

Ignace: Oya, hapana.

Anisia: Ndiyo.

Ignace: Mana yanje, Mungu wangu. Mi Jumatatu zote hizo nimekuwa namuandikia, "Asante Mzee, kazi njema."

 Tukasikia mvua ya Muyinga inapiga bati.

Ignace: Na weye, Anisia? Weye ndiye wa pili. Weye unazisomaga?

Binti akainamisha kichwa. Nilimhurumia, na bado nilitaka kucheka. Nilibana meno.

Anisia: Nikifungua nakuta wewe mkubwa wangu umeshakubali. Nikianza kusoma nyuma yako, si itakuwa nakuchunguza? Niliona haya. Nikawa naidhinisha tu.

Katiba akapiga paja kwa furaha.

Katiba: Basi saini! Utaratibu umefuatwa. Mkubwa ameomba, wa kati amekubali, mdogo amefuata. Hata mkutano mkuu haujawahi kwenda vizuri hivyo.

Duwane: Bon, mi naona ingine. Mutu hayupo, na kila Jumatatu anaomba, na anapewa. Kwetu hiyo tunaitaga mzimu.

Katiba: Kama ni mzimu, ipewe ruhusa ya mzimu. Iangalie tu, isiguse vitu.

Anisia: Hiyo ndiyo ruhusa iliyotakiwa tangu mwanzo, Mzee.

Katiba alishtuka kwa kuwa sahihi. Hakuzoea.

Hapo akatokea mama mmoja, pindo la kitenge limelowa matope mpaka magotini, gunia tupu limekunjwa kichwani. Akasimama mbele yetu akipumua.

Mama: Hodi hapa. Samahanini, jamani. Ghala la mbegu za ushirika ndilo lile lenye kufuli?

Anisia: Ndilo, mama. Litafunguliwa Jumanne.

Mama: Jumanne? Mimi nimeandikiwa leo. Naitwa Gaudensia, natoka Bukirasazi. Nusu ya njia kwa baiskeli, nusu kwa miguu. Shamba nimeshalima, mvua inanyesha juu ya udongo mtupu. Wenzangu wako nyuma wanakuja.

Akatoa kisimu chake kwenye pindo na kumpa Anisia. Anisia alisoma, kisha akasoma tena.

Anisia: "Alhamisi, saa mbili asubuhi." Lakini hiyo ni siku ya Muyinga.

Ignace: Siku yetu iko kwao?

 Anisia alifungua sasisho la Jumatatu iliyopita na safari hii alilisoma, kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. 

Anisia: Kile kipande kinachopanga orodha ya maghala. Zamani kilikuwa kinaweka Gitega kwanza, Muyinga ya pili. Kipya kimegeuza. Programu yetu haiangalii majina, inahesabu nafasi tu. Watu wa Gitega, pamoja na Bukirasazi, wamepewa Alhamisi ya Muyinga. Wa Muyinga wamepewa Jumanne yetu.

Katiba: Wangapi?

Anisia: Wote.

Ignace: Ndiyo maana depot iko tupu.

Anisia: Mistari minne, kaka. Ilikuwa mistari minne tu.

Mama Gaudensia alikuwa bado amesimama. Nilimsogezea kigoda, hakukaa. Nilimpa kahawa, akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa. Hakuonekana amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

Gaudensia: Mimi mambo ya vipande siyajui, mwanangu. Lakini hapo chini pameandikwa: "Umehakikiwa na Kastori, Ignace, Anisia." Mume wangu alisema tungoje tuulize kwanza. Nikamwambia, ni majina matatu ya watu, siyo karatasi ya ukutani. Nikachukua gunia. Sasa naomba mniambie, katika hao watatu, nani aliusoma?

Katiba alifungua mdomo. Nilimtazama akitafuta kifungu, kifungu kidogo, hata kanuni ya mpito.  Duwane aliinua kikombe chake kilichokwisha na kukinywa hivyo hivyo. Kwenye simu, Ignace, ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka kwenye ukuta wa misheni, akasema, "Allô? Allô? Réseau ya simu iko mbaya," na laini ikakatika.

Anisia akalia. Hakujificha, machozi yalidondoka kwenye vibonye. Huku analia akabonyeza mara ya kwanza, roboti ikanyang'anywa ruhusa ya kutuma. Mara ya pili, ruhusa ya kubadilisha. Mara ya tatu jina la Kastori likafutika. Karatasi ya kamati akaigeuza upande mweupe na kuanza kunakili namba za simu, haraka haraka, mwandiko wa kuanguka.

Mimi: Si utume ujumbe mmoja wa kusahihisha? Utawafikia wote mara moja.

Gaudensia: Akiutuma, mimi siuamini tena. Na hao wenzangu vilevile.

Akachukua kigoda sasa, akaketi, akaanza kumtajia majina: nani ameshatoka nyumbani, nani anapitia njia gani, nani ana simu ya kuazima. Katiba akapewa namba ishirini za Bukirasazi awaambie wasije leo, akaanza na "Mheshimiwa mwanachama, kwa mujibu wa," nikamkanyaga mguu. Duwane akapewa ishirini nyingine, na nakiri kwamba aliwapigia vizuri kutushinda sote, kwa sababu ni mfanyabiashara.

Anisia alianza na Muyinga, kule ambako mbegu zilikuwa zinangoja na watu hawakujua. Namba ya kwanza iliita sana. Akafuta pua kwa kiganja.

Anisia: Allô, mama? Mbegu zenu ziko tayari leo, chukua gunia uende depot sasa hivi, usingoje Jumanne. Ndiyo. Ndiyo, najua mliandikiwa. Hapana, mama, usikate, siyo ile mashine. Ni mimi, Anisia. Mimi ndiye ambaye sikusoma.