Atoo, Mfamasia Aliyeuliza Habari za Masikio

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu hapa Makindye, Mfamasia Betty Atoo anastaafu tarehe 31 Julai mwaka huu. Alizaliwa katika kambi ya polisi Naguru, binti wa askari kutoka Gulu, na Kiswahili chake ni cha kambini: kifupi, kikavu, chenye kicheko ndani yake.

Wagonjwa wengi humwita Mama Kaa Wima. Jina hilo alilipata kwa doksisaiklini, vidonge vya kupambana na bakteria. Hakuna aliyewahi kuondoka na vidonge hivyo dirishani pake bila kuambiwa avimeze kwa glasi nzima ya maji, kisha akae wima, kwa sababu kidonge kikikwama njiani huchoma koo. Mama mmoja alipotaka kumgawia mwanawe mdogo dawa zake, Atoo alimzuia: "Meno ya mtoto bado yanajengwa, nyabo. Hii itayapaka rangi, na haitoki."

Alitueleza kazi ya dawa za kundi hilo kwa mfano wa kibanda cha chapati. Bakteria, alisema, ana jiko lake la kutengenezea protini. Penisilini hubomoa ukuta wa kibanda. Doksisaiklini, azithromaisini na jentamisini huingia ndani zikamshika mpishi mikono. Na aliyekuja kudai dawa hizo kwa mafua alijibiwa: "Kirusi hana jiko. Anapika kwa jirani. Utamzuia mpishi gani?"

Lakini tunalomshukuru zaidi lilitokea katika wodi ya wanaume. Okullo, mpigaji wa adungu, kinubi cha nyuzi, anayetumbuiza kwenye harusi, aliletwa akiwa na maambukizi makali ya damu. Daktari Wandera alimwanzishia jentamisini, na homa ikaanza kushuka. Sote tulifurahi. Asubuhi moja Atoo alipita, akamsalimu kutoka ubavuni. Okullo hakugeuka. Atoo alizunguka, akasimama mbele yake, akamuuliza masikio yanasemaje.

"Musawo, iko na nzi ndani," Okullo alijibu; musawo kwake ni kila mtoa dawa. "Nzi hawalali."

Dawa hiyo huweza kuumiza figo na masikio, na sikio likishaumia mara nyingi halirudi. Atoo alimfuata Daktari Wandera.

"Nikiiondoa na damu bado haijasafika, nitampoteza," daktari alisema.

"Najua. Tukiiacha, atatoka hapa hasikii nyuzi zake."

Wote wawili walikuwa na haki. Daktari aliagiza kipimo cha figo. Atoo alishuka maabara kuulizia damu iliyooteshwa ili kumtambua bakteria, akakaa huko hadi jibu likatoka: kulikuwa na sindano nyingine ambayo ingeua bakteria yule. Figo nazo zilikuwa zimeanza kulemewa. Jentamisini ikasimamishwa adhuhuri hiyo.

Okullo alipona. Sikio la kulia lilibaki zima. La kushoto halikurudi lote. Anapokaza nyuzi sasa huinamisha kichwa upande mmoja, na bado anaalikwa harusini. Siku aliyoruhusiwa alimshika Atoo mikono yote miwili akamshukuru. Atoo alitabasamu, kisha akaingia stoo akafuta macho. "Tungemuuliza mapema," alituambia.

Hakuishia kusikitika. Yeye na Daktari Wandera walianzisha utaratibu ambao leo tunauona wa kawaida: kila anayepewa jentamisini hapimwi figo tu, bali huulizwa kila asubuhi kama masikio yanalia au kama sakafu inayumba akitembea. Wako watu wanaosikia adhana ya msikiti wa Kibuli alfajiri wasiojua kwamba utaratibu huo ndio uliowalindia masikio.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, tulitarajia kitenge au ng'ombe. Akaomba benchi mbele ya dirisha la dawa. "Mtu akisimama, anasikia nusu," alisema. "Akikaa, atauliza."

Mama Atoo, asante kwa subira yako na kwa ukali wako. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasumbufu. Benchi liliwekwa jana, na rangi imekauka. Hatujamruhusu mtu kulikalia. Karibu, keti wewe kwanza.

Khaemba, muuguzi, wodi ya wanaume