Mama Sindano, Msikilizaji wa Mwisho wa Piano

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Sindano, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi seremala na mshona nguo. Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, na nguo zao zilinuka gundi na maranda mwaka mzima. Kabla hajajua kuhesabu, tayari alikuwa akigonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Baba yake akienda kununua mbao alimchukua. Muuza mbao akimwona tu alianza kulalamika: "Leo tena umekuja na bosi wako? Basi mimi sina changu hapa." Mtoto alipita akigonga, na ubao aliouruka haukununuliwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari mpaka 1968. Katika hesabu alikuwa wa kawaida, na kwenye kwaya alikuwa balaa. Siku moja alinyoosha mkono katikati ya wimbo kumwambia mwalimu kwamba kinanda kimeshuka. "Wewe imba," mwalimu akamjibu. "Hukuajiriwa kurekebisha vinanda." Mwalimu huyohuyo ndiye aliyemwandikia barua ya kuombea kazi miaka miwili baadaye, na Mama hakuacha kumtania kwa hilo hadi mwalimu alipofariki.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha piano, kazi ya kupaka gundi. Kiwanda kilitengeneza piano kubwa za kulala za aina mbili: za kawaida katika Jengo la Kwanza, na za daraja la juu katika Jengo la Pili. Kwa macho zilikuwa pacha. Rangi nyeusi ileile, fremu ya chuma ileile, jina lilelile mbele. Wageni waliuliza tofauti iko wapi, na Mama hakuchoka kuwaeleza. Ubao wa sauti, ule mpana unaolala chini ya nyuzi, kwa piano ya kawaida ulikaushwa miaka miwili. Kwa ile ya juu ulingojewa mitano, tena ulichaguliwa wenye mistari iliyobanana. Nyuzi nene za upande wa kushoto, Jengo la Kwanza zilizungushiwa shaba kwa mashine, Jengo la Pili kwa mkono. Halafu kuna nyundo, zile ndogo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa, ambazo hugonga nyuzi ukibonyeza kitufe. Sufu ikiwa ngumu, sauti huwa kali, na fundi huichoma kwa sindano kidogo kidogo mpaka ilainike. Jengo la Kwanza waliifanya kazi hiyo kwa nusu siku. Mama, aliyehamia Jengo la Pili mwaka 1979, aliifanya kwa siku nne, akaiacha piano ipumzike, akarudi kuisikiliza upya. Ndiko jina la Mama Sindano lilikotoka. Kuanzia 1988 yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji wa mwisho, na hakuna piano ya daraja la juu iliyotoka getini bila sahihi yake ya penseli ubavuni mwa kitufe cha kwanza. Tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Aliyekuwa akikipasua kichwa hicho ni Baba. Baba alikuwa mfunga nyuzi wa Jengo la Kwanza, na walijuana kwenye foleni ya chai. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975, wakajaliwa watoto watatu. Mama alipohamishiwa Jengo la Pili, mezani kwetu palikuwa hapakaliki. "Nyinyi mnazibembeleza piano kama wagonjwa," Baba akisema. "Na nyinyi mnazisukuma mlangoni kama wageni waliokaa sana," Mama akijibu. Piano ya nyumbani ilikuwa ya kawaida, kwa sababu Baba ndiye aliyeifunga nyuzi, na Mama aliipenda bila kukubali hadharani.

Mwaka 2003 barua mbili zilifika kiwandani, kutoka kwa wateja wawili wasiojuana. Zote zililalamika kwamba noti za mwisho upande wa kulia zinakwaruza masikio. Mama alizikagua piano hizo mwenyewe akasema hazina tatizo, wateja wana mikono mizito. Jumapili iliyofuata Baba aliketi mbele ya piano ya nyumbani, akamwita.

"Nisikilizie hizi sita za mwisho."

Mama akasimama kando yake, macho kafumba, kama alivyozoea. Akangoja.

"Haya, piga basi."

"Nimeshapiga, mama watoto," Baba akasema. "Zote sita."

Mama alifumbua macho. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Tulimwona, na hatukujua kilichompata. Baba hakumwambia mtu yeyote, na yeye mwenyewe alikaa nalo siku kumi na tisa. Akisema, cheo na jina la miaka yote vinakwenda na maji. Akinyamaza, piano zenye sahihi yake zitaendelea kutoka zikiwa mbovu, na hakuna atakayemshuku. Aliogopa sana. Alituambia baadaye kwamba zipo asubuhi alizofika mlangoni kwa mkuu wa kiwanda akageuka.

Siku ya ishirini alipiga moyo konde akaingia, mkononi ana orodha ya piano kumi na moja alizozitia sahihi tangu mwaka uliotangulia. Hakumung'unya maneno. Alisema sikio lake limekufa upande wa juu, na kwamba zote kumi na moja zisikilizwe upya.

"Mama, tukitangaza hivi tutachekwa," mkuu akamwambia. "Wengine wala hawajalalamika."

"Wanicheke mimi. Jina lililomo ndani ni langu."

Mkuu alikubali shingo upande. Kwa miezi mitatu Mama alizunguka kwenye kumbi na sebule za watu, pamoja na fundi mwenzake aliyekuja kushika nafasi yake. Fundi alisikiliza, Mama alichoma. Vidole vyake vilijua ugumu wa sufu hata pale sikio lisipojua. Katika kila nyumba alianza kwa kueleza kosa ni lake. Piano nne kati ya kumi na moja zilihitaji kurekebishwa. Mwenye mojawapo alifoka, na Mama akamwacha amalize ndipo akafungua mkoba wa sindano.

Aliporudi aliomba kazi Jengo la Kwanza, akapewa. Huko aliwafundisha mafundi kupapasa kila nyundo kwa kidole gumba kabla ya kuigusa kwa sindano. Nusu siku ilibaki nusu siku, ila malalamiko yalipungua. Alistaafu tarehe 31 Machi 2011.

Mwaka 2022 madaktari waligundua moyo wake umepanuka. Alilazwa mara tatu. Usikivu nao ulizidi kushuka, akabaki kusikia sauti nzito tu, hivyo Baba akajizoesha kuongea naye kwa sauti nzito ya kifuani, mpaka wauguzi wakadhani amekasirika. Mama alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, wodini, Baba akiwa amemshika mkono. Tulimpenda mno, na nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada mmoja na mafundi wa majengo yote mawili, ambao leo wameketi safu moja.

Wiki mbili kabla ya kufariki alituuliza tutaandika nini. Tukamwambia tutaandika kwamba alikuwa na sikio ambalo kiwanda hakijapata jingine. Alikunja uso. "Hilo nilizaliwa nalo," akasema. "Andikeni kwamba lilipokwisha, nilisema."

Tumeandika, Mama. Pumzika kwa amani.